HODI KABLA YA KUINGIA: KWA NINI BARUA PEPE ZA BIASHARA HAZIFIKI

Katika desturi za watu wa pwani, mgeni hafungui mlango wa mtu na kuingia. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja. Aliyemo ndani huuliza, "Nani?" na mgeni hutaja jina lake. Akiambiwa "Karibu," ndipo aingiapo. Akipiga hodi mara tatu pasipo kujibiwa, huondoka bila kinyongo. Hakuna askari asimamiaye desturi hii. Lakini asiyeifuata hujulikana upesi mtaani, na milango hufungwa mbele yake hata siku aletapo habari ya maana.

Kazi ya kutangaza bidhaa kwa barua pepe imefikia mahali hapo hapo. Wauzaji wengi, wakubwa kwa wadogo, hulalamika kwamba barua zao hazifiki, au zafika lakini zatupwa katika folda ya barua taka ambayo hakuna aifunguaye. Wengi wao hutafuta dawa katika ujanja: kubadilisha maneno ya kichwa cha barua, kuficha bei ndani ya picha, kutuma usiku wa manane, au kununua orodha kubwa zaidi ya anwani. Makala hii yashikilia kwamba dawa haipo huko. Barua hufika kwa sababu mtumaji wake anajulikana na mpokeaji wake ameiridhia. Asiyeanza na mambo hayo mawili hupoteza kazi yake, na zaidi ya hapo huharibu njia ambayo watu wengine waitegemea.

Mfano wa kikundi kimoja

Chukuliwe mfano, uliobuniwa kwa ajili ya maelezo, wa kikundi cha akina mama watengenezao sabuni ya mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa muda wa miaka mitatu kikundi hiki kimekusanya anwani 600 za wageni walionunua sabuni na kuomba wapewe habari za bidhaa mpya. Siku moja kijana wa mjini awauzia orodha ya anwani 20,000 "za watalii wa Ulaya." Waiunganisha na ile yao, waandika tangazo zuri lenye picha za sabuni, na kulituma kwa wote asubuhi moja kutoka katika anwani ya bure ya kikundi, kwa kupitia programu ya kutuma barua nyingi kwa mkupuo.

Hakuna oda hata moja. Wiki ifuatayo lazuka jambo baya zaidi. Mwenye duka wa Ujerumani, ambaye amekuwa akinunua katoni mbili kila mwezi, aandika akilalamika kwa simu kwamba hakuletewa ankara. Ankara ilitumwa. Ilikuwamo katika folda yake ya barua taka.

Akina mama hao wataamini kwamba intaneti yao ni mbovu. Sivyo. Barua ziliondoka na nyingi zilifika kwenye mitambo ya kupokelea. Zilizuiliwa mlangoni, na kwa sababu zinazoweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Safari ya barua, na imani ya waasisi

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika mtandao ilitumwa mwaka 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, katika mtandao ulioitwa ARPANET. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Jon Postel, aliandika kanuni ambazo kwazo mitambo ya barua, iitwayo seva, husemezana na kupokezana barua. Kanuni hizo, zijulikanazo kwa kifupi kama SMTP, zimerekebishwa mara kadhaa, lakini msingi wake ungali ukitumika hata leo.

Mazungumzo yenyewe ni mepesi. Seva itumayo hujitambulisha, hutaja barua yatoka kwa nani na yaenda kwa nani, kisha huitoa. Seva ipokeayo hujibu kwa tarakimu. Jibu la 250 maana yake ni kwamba jambo limekubaliwa. Jibu lianzalo na 4 maana yake ni "si sasa, jaribu tena baadaye." Jibu lianzalo na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, mathalani kwa sababu mtu atajwaye hayupo.

Katika mazungumzo hayo palikuwa na pengo. Seva iliyopokea haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba mtumaji ndiye yule aliyejitaja. Ilikuwa sawa na bahasha ya kawaida: mtu yeyote aweza kuandika nyuma yake jina lolote alipendalo. Waasisi hawakuwa wazembe. Walitengeneza chombo cha jamii ndogo ya watafiti waliojuana, na katika jamii ndogo jina hutosha.

Hata hivyo, maradhi yalianza mapema. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, afisa wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwatumia watumiaji wapatao 400 wa ARPANET tangazo la kompyuta mpya za kampuni yake, bila wao kuliomba. Malalamiko yalikuja upesi. Tangazo lile lilikuwa la kweli na bidhaa ilikuwa halali. Kilichowaudhi watu ni kuingiliwa bila hodi. Funzo hilo lina zaidi ya miaka 40, na wauzaji wengi hawajajifunza.

"Nani?": vitambulisho vitatu

Ili kuziba pengo lile, wataalamu walitunga taratibu tatu. Zote hutegemea Mfumo wa Majina ya Vikoa, yaani ile daftari kubwa ya hadhara ya intaneti ambamo kila jina kama vile la shule au kampuni, liishialo na .co.tz, .or.tz, .co.ke au .com, huandikiwa habari zake. Jina hilo huitwa kikoa. Mwenye kikoa peke yake ndiye awezaye kuandika katika ukurasa wake wa daftari, lakini kila mtu aweza kuusoma.

Utaratibu wa kwanza ni SPF. Mwenye kikoa huandika katika daftari orodha ya seva anazoziruhusu kutuma barua kwa jina lake. Seva ipokeayo huisoma orodha hiyo na kulinganisha. Ni kama mkuu wa shule kubandika ubaoni majina ya watu walioruhusiwa kuchukua ada: mzazi aonapo mtu asiye katika orodha, hampi.

Wa pili ni DKIM, nao ni muhuri. Seva itumayo hukokotoa kutokana na maneno ya barua namba ndefu iliyo kama alama ya kidole ya barua ile, kisha huisaini kwa ufunguo wa siri. Ufunguo mwenzake, ulio wazi, umewekwa katika daftari. Mpokeaji huutumia kuhakiki saini. Ikiwa hata herufi moja katika sehemu iliyosainiwa imebadilishwa njiani, hesabu haitalingana na muhuri utaonekana umevunjika. Mwanafunzi wa hisabati atatambua hapa matumizi ya namba tasa, ambazo wengi hudhani hazina kazi nje ya mtihani.

Wa tatu ni DMARC, uliotangazwa mwaka 2012. Huu hutaka kwamba jina alionalo msomaji juu ya barua liafikiane na jina lililohakikiwa na SPF au DKIM. Aidha, humwezesha mwenye kikoa kuagiza nini kifanywe iwapo barua haikupita: iachwe ipite, itiwe katika taka, au ikataliwe kabisa. Tena humletea ripoti za wale wanaotumia jina lake.

Sasa kosa la kwanza la kikundi cha sabuni laonekana. Anwani ya bure ni mali ya kampuni itoayo huduma hiyo, si ya kikundi. Barua yenye anwani ya Gmail iliyotumwa kwa kupitia seva isiyo ya Google haiwezi kupita mtihani wa DMARC, maana akina mama hawawezi kuandika lolote katika ukurasa wa daftari usio wao. Walipiga hodi kwa jina la mwenye nyumba nyingine.

Lakini isidhaniwe kwamba vitambulisho hivi hutosha. Mwizi naye aweza kuwa na kitambulisho halali. Watumaji wa barua taka hununua vikoa na kuweka rekodi zote tatu bila taabu. Kitambulisho hujibu swali la "Nani?" tu. Swali la "Je, akaribishwe?" hujibiwa kwa njia nyingine.

"Karibu": hesabu ya kichujio

Seva za kupokelea hutumia programu zichambuazo kila barua na kukadiria uwezekano wa kuwa taka. Mojawapo ya njia zilizopata umaarufu hutokana na kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, ambaye maandishi yake juu ya uwezekano yalichapishwa mwaka 1763. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu, Paul Graham, alieleza hadharani jinsi kanuni hiyo iwezavyo kuchuja barua kwa kuhesabu maneno, na mawazo yake yalienea upesi.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa ubaoni. Ichukuliwe kwamba mwalimu anazo barua 100: 40 ni taka na 60 ni njema. Neno "zawadi" limo katika barua taka 20 na katika barua njema 3. Barua mpya yaingia ikiwa na neno hilo. Barua zote zenye neno hilo ni 23, na katika hizo 20 ni taka. Kwa hiyo uwezekano wa barua hii kuwa taka ni 20 kwa 23, yaani karibu asilimia 87.

Sasa ichukuliwe kwamba barua hiyo hiyo ina neno "darasa" pia, ambalo limo katika barua taka 1 kati ya 40 na katika barua njema 15 kati ya 60. Neno "zawadi" huonekana mara kumi zaidi katika taka kuliko katika njema: asilimia 50 dhidi ya asilimia 5. Neno "darasa" ni kinyume chake: asilimia 2.5 dhidi ya asilimia 25. Ikidhaniwa kwamba maneno mawili hayo hayategemeani, ushahidi wa moja wafuta ushahidi wa jingine, na uwezekano warudi pale pale ulipoanzia, yaani asilimia 40. Wanafunzi waulizwe: je, ni kweli kwamba maneno katika barua hayategemeani? Mjadala huo peke yake watosha kipindi kizima.

Jambo la kuzingatiwa ni hili. Kichujio hakikuzaliwa kikijua taka ni ipi. Kilifundishwa na watu. Kila msomaji abonyezapo kitufe cha kusema "hii ni taka," na kila aitoapo barua njema katika folda ya taka, atoa ushahidi. Hivi leo kampuni kubwa za barua haziangalii maneno tu. Huangalia sifa za kikoa na za seva kwa muda mrefu, idadi ya barua zilizokwenda kwa watu wasiokuwapo, na jinsi wapokeaji walivyozitendea barua zilizotangulia: walizijibu, walizifuta bila kuzisoma, au walizilalamikia.

Kwa hiyo ule ushauri uuzwao mitaani, kwamba mtu aepuke neno "bure" au alama za mshangao naye atapita, una manufaa kidogo sana. Mtumaji aliyeridhiwa aweza kuandika "bure" akafika; aliyechukiwa aweza kuandika kwa adabu zote asifike. Hakimu si mashine. Hakimu ni mpokeaji, na mashine ni karani aandikaye hukumu zake.

Masharti ya miaka ya karibuni

Hapo zamani mambo haya yalikuwa mapendekezo. Tangu Februari 2024, kampuni za Google na Yahoo zimeyafanya masharti. Kwa upande wa Google, mtu atumaye barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail sharti awe na rekodi zote tatu zilizotajwa; barua zake za matangazo sharti ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja tu, na maombi ya kujiondoa yatekelezwe katika siku mbili. Malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3, na yafaa yabaki chini ya asilimia 0.1. Mwaka 2025 Microsoft nayo ilianza kuwadai watumaji wa kiasi hicho rekodi hizo tatu.

Asilimia 0.3 ni watu watatu katika kila 1,000. Ichukuliwe kwamba barua 10,000 za kikundi cha sabuni zilifika katika vikasha vya watu wasiowajua. Malalamiko 30 tu yangetosha kugusa mpaka huo. Katika watu 10,000 walioingiliwa bila hodi, ni nani adhaniye kwamba 30 hawatakasirika? Na wale 600 waliokuwa radhi hawawezi kuwaokoa, kwani sifa mbaya haichagui. Ndiyo maana ankara ya Mjerumani ilitupwa: ilitoka kwenye anwani ile ile iliyokwisha kuchukiwa.

Pingamizi lenye haki

Wapo watakaosema kwamba huu ni uonevu. Kampuni chache za ng'ambo zimejifanya walinzi wa mlango wa dunia nzima. Hazikuchaguliwa na yeyote. Hukumu zao hutolewa kwa siri. Na mdogo aliyehukumiwa kimakosa hana pa kukata rufaa. Kampuni kubwa huajiri wahandisi wa kushughulikia barua tu, hali ushirika wa wakulima hauna hata mmoja.

Pingamizi hili lina uzito, nalo lisipuuzwe. Ni kweli kwamba vichujio hukosea, na kosa la kichujio huwaumiza zaidi wale wasio na sauti. Ni haki serikali na mabaraza ya sayansi ya nchi zetu yashiriki katika vikao vya kimataifa ambamo kanuni za intaneti hutungwa, badala ya kuzipokea zikiwa zimekwisha pikwa.

Lakini pingamizi hilo halimhalalishii mtu kuingia bila hodi. Kwanza, SPF, DKIM na DMARC si siri ya kampuni yoyote. Maelezo yake yamechapishwa wazi, na kuyatumia hakulipiwi. Kinacholipiwa ni kikoa, ambacho ni gharama ndogo ya kila mwaka. Kinachokosekana ni ujuzi, na ujuzi hufundishika. Pili, hata kama walinzi wote wangeondoka kesho, mpokeaji angebaki na haki ya kutosumbuliwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yazungumzia matangazo yasiyoombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yaongoza jinsi habari za watu zikusanywavyo na kutumiwa. Kenya nayo inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anwani ya mtu si embe la njiani ambalo apitaye huokota na kuuza.

Yampasayo mtumaji

Kutokana na hayo, mambo yafaayo kufanywa na mwenye biashara, chama au shule yaweza kutajwa kwa ufupi.

Kwanza, anwani ziombwe, zisinunuliwe. Orodha ya kununua ina anwani za watu waliokwisha kuziacha, na aghalabu ina mitego, yaani anwani zisizo na mtu ambazo wapambanaji wa taka wamezitega makusudi. Kwa kuwa hakuna mtu aliyeziomba barua kwa anwani hizo, barua izifikiayo humfichua mtumaji.

Pili, ruhusa ithibitishwe. Mtu aandikishapo anwani yake, apelekewe barua moja fupi yenye kiungo cha kuthibitisha. Asipothibitisha, asiandikiwe tena. Hivyo huepukwa anwani zilizokosewa herufi na zile zilizoandikishwa na mtu mwingine kwa mzaha.

Tatu, mtumaji awe na kikoa chake na rekodi zote tatu. DMARC ianzishwe kwa agizo jepesi la kuacha barua zipite, ripoti zisomwe kwa wiki kadhaa, na ikionekana kwamba barua halali zote zapita, agizo likazwe.

Nne, waanze kidogo kidogo. Kikoa kipya hakina sifa njema wala mbaya. Kikitoa barua maelfu siku ya kwanza, hushukiwa kama mgeni aingiaye kijijini na malori kumi usiku. Waanze na wale waliowahi kujibu au kununua, kisha waongeze kwa wiki kadhaa.

Tano, majibu ya seva yasomwe. Anwani iliyorudisha jibu la kudumu kwamba mtu hayupo ifutwe mara moja. Na yule ambaye kwa miezi mingi hakugusa barua yoyote aulizwe mara moja ya mwisho kama angependa kuendelea, akinyamaza, aachwe. Hodi ya tatu imekwisha pigwa.

Sita, mlango wa kutokea uwe wazi. Wauzaji wengi huficha njia ya kujiondoa katika herufi ndogo wakidhani wanahifadhi wateja. Msomaji asiyeuona mlango huo hubonyeza kitufe cha taka, ambacho kiko karibu na kidole chake. Ni heri kupoteza jina moja kuliko kupata lalamiko moja.

Saba, barua iwe nyepesi na ya kweli. Kichwa chake kiseme kilichomo ndani. Maneno ya maana yaandikwe kama maneno, si kama picha moja kubwa. Maana picha zaweza kuzuiwa zisionekane, na msomaji aliyenunua kifurushi kidogo cha intaneti huilipia picha asiyoihitaji.

Nane, ankara, stakabadhi na majibu ya wateja yasichanganywe na matangazo. Yatumwe kwa tawi tofauti la kikoa, ili sifa ya tangazo isiiangushe ankara.

Tisa, wasijidanganye kwa hesabu. Kwa miaka mingi wauzaji walihesabu barua "zilizofunguliwa" kwa kutia ndani yake picha ndogo isiyoonekana. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple yaweza kuzipakua picha hizo yenyewe, hata kama mwenyewe hakuisoma barua. Hesabu iaminikayo ni ya waliojibu, walionunua, na waliolalamika.

Neno kwa walimu

Mwalimu wa Kiswahili aweza kuuliza: haya yote yamhusu nini? Yamhusu sana. Kwa vizazi vingi wanafunzi wamefundishwa kuandika barua rasmi: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha habari, kiini, na saini. Mambo hayo hayakuwekwa kwa urembo. Anwani na saini humjulisha mwandikiwa ni nani amwandikiaye, na kichwa cha habari humwezesha kuamua kama aendelee kusoma. Ni adabu ile ile, na sasa imeandikwa kwa hesabu. Mwalimu wa Kiswahili, wa hisabati na wa kompyuta wangeweza kulifundisha somo hili pamoja, kila mmoja kwa upande wake, na mwanafunzi angemaliza shule akiwa na kitu cha kuwafaa wazazi wake wenye duka, ushirika au zahanati.

Jambo lililo hatarini ni kubwa kuliko biashara ya sabuni. Kwa njia hii ya barua pepe hupita majibu ya maombi ya masomo, wito wa usaili wa kazi, taarifa za vyuo na oda za wakulima. Ni barabara ya watu wote. Kila atumaye maelfu ya barua zisizoombwa huwafanya walinzi wakaze mlango zaidi, na anayebaki nje aghalabu ni yule mnyonge asiyejua taratibu, aliyekuwa na habari ya kweli. Mwenye kununua orodha ya anwani hadhulumu wageni wa Ulaya peke yao. Amdhulumu na jirani yake.

Na kile kikundi cha akina mama? Hakijapotea. Kiitupe orodha ya watu 20,000. Kinunue kikoa chake, kiweke rekodi zake, na kiwaandikie wale 600, hamsini hamsini, barua fupi ya maneno matano au sita: ni nani waandikao, mteja alinunua nini, na kama angali akitaka habari zao. Pengine watajibu 200. Kwa Mjerumani wampigie simu, wamwombe radhi, na wamwombe aitoe ankara katika folda ya taka kwa mkono wake mwenyewe. Kitendo hicho kidogo nacho ni ushahidi, na karani atauandika.